Kabla ya Sheria, Mizani: juu ya mafunzo ya wale wanaonunulia jeshi

Leo ninataka tuzungumze juu ya kitu ambacho sisi raia hatupendi kugusa, tunaona ni mambo ya wenye kuvaa kombati tu: mafunzo ya kwanza ya watu wanaonunulia jeshi vitu. Sisemi silaha peke yake. Ninasema mchele, maharagi, mafuta ya mawese, buti, hema, dawa, mazutu ya magari. Kila kitu askari anakula ao anavaa, kuko mutu fulani alikaa mu biro akakiandikia karatasi. Yule mutu, juma la kwanza la kazi yake, tulimufundisha nini?

Kwetu Kindu hii si habari ya mbali. Kambi ya Lwama njo pale Wabeleji walifundisha batayo za réaction rapide: ya 321, ya 322 na ya 323. Mwezi wa saba 2023, Umoja wa Ulaya ulikubali msaada wa euro milioni 20 kwa brigade ya 31 ya réaction rapide: vifaa vya askari, vifaa vya kikosi, na majengo ya kambi hapa hapa Kindu. Msaada wa namna ile unasifiwa siku ya sherehe. Lakini kisha sherehe, buti zinapasuka, hema zinatoboka, na sufuria inangojea mchele kila asubuhi. Pale inabaki kazi ya mununuzi wetu wenyewe, na hakuna mugeni atakuja kuifanya pahali petu.

Programu za mafunzo ya mwanzo juu ya manunuzi ya serikali, zile nimeshika mukononi, zinafanana sawa mapacha. Asubuhi ya kwanza: sheria namba 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa nne 2010. Kisha majina ya ofisi: ARMP inayosimamia kanuni, DGCMP inayokagua, na ile cellule ya manunuzi inayopaswa kuwa mu kila ofisi inayonunua. Siku ya pili: viwango vya pesa, namna ya kuitisha zabuni (ile sisi tunaita appel d'offres), namna ya kufungua maenvelopu, namna ya kuandika ripoti. Siku ya mwisho: picha ya pamoja na sertifika. Mutu anarudia kwake na fardi kubwa, na anajua vizuri karatasi gani inatangulia ingine.

Sisemi sheria ni ya bure. Mbele ya 2010 tulikuwa na mazoea ya mukubwa kumuita rafiki yake na kumupa komande, na sheria ile ilileta kipimo. Malalamiko yangu ni mengine: mafunzo yale yanafundisha mukono kuandika, hayafundishi jicho kuona. Yanaisha pale mkataba unatiwa sahihi. Na mu jeshi, wizi mwingi na hasara nyingi zinapita kisha sahihi, mulangoni mwa depo.

Acha nitoe mufano wa kitu ninakijua, mchele. Tuseme batayo ya watu 600, kila mumoja gramu 500 kwa siku. Ni kilo 300 kwa siku, tani 9 kwa mwezi. Mununuzi ameandika mu mkataba "mchele tani 9", basi. Sasa mfanyabiashara analeta mchele haukukaushwa vizuri, uko na maji asilimia 18, wakati mchele wa kuwekwa depo unapaswa kuwa na asilimia 14 ao chini yake. Piga hesabu mwenyewe: mu zile tani 9, chakula kikavu ni kilo 7,380. Chakula kile kile, kama kingekauka mpaka asilimia 14, kingekuwa na uzito wa karibu kilo 8,580. Maana yake serikali imelipa zaidi ya kilo 400 za maji kwa bei ya mchele. Na maji yale hayakai kimya: kisha siku chache mchele unapata joto, unashika kuvu, unaanza kunuka. Kwa mahindi na karanga ni mubaya zaidi, juu kuvu inaweza kuacha sumu, aflatoksini, ambayo hata ukipika haitoki.

Sasa ongeza gunia. Saki imeandikwa kilo 50, ndani muko 46. Ni asilimia 8 imeenda. Mutu akihesabu masaki bila kuyapima, karatasi yake itakuwa safi kabisa: masaki 180 yameandikwa, masaki 180 yameingia, sahihi, kasheti. Mukaguzi akitoka Kinshasa ataona fardi imekamilika. Na basoda watakula mara moja kwa siku juma la mwisho la mwezi.

Ndugu, muone vile hasara ile haikuvunja hata kifungu kimoja cha siku ya kwanza. Zabuni ilitangazwa, maenvelopu yalifunguliwa mbele ya watu, wa bei ndogo akashinda. Kwa sababu hakuna mutu aliandika mu mkataba kiasi cha maji, kiasi cha mchele uliovunjika, uzito wa saki moja na nani atapima, yule wa bei ndogo alishinda na maji yake. Yule aliyekausha mchele wake vizuri alishindwa juu bei yake ilikuwa juu. Hapo fundisho la kwanza la mununuzi ni kusema kwa maneno yenye kupimika kile anachohitaji. Asiyejua kueleza anachotaka atapewa kile kinachobaki.

Fundisho la pili ni njia. Mutu anayefundishwa Kinshasa anaweza kufikiri kwamba komande ikisainiwa, vitu vinafika. Kindu haiko hivyo. Kutoka Lubumbashi kuko reli, na treni inakuja siku yake yenyewe. Kwa mto, chombo kinaenda mpaka Ubundu tu, pale maporomoko yanakata njia. Barabara ya kwenda Kasongo, mvua njo inaamua. Kisha kunabaki ndege, na ndege inakula pesa kuliko chakula chenyewe. Mununuzi ambaye hakufundishwa kuhesabu siku za njia ataitisha mchele wakati depo imekwisha, na pale hana tena nguvu ya kukataa mchele mubaya. Njaa imemufunga mikono.

Na hapa kuko kitu kinaniumiza kama mutoto wa Maniema. Mchele si mugeni kwetu. Waungwana wa Tippu Tip waliuleta mu karne ya 19, wakaulima Kasongo na Nyangwe kwa kulisha misafara yao. Kisha Wabeleji wakalazimisha watu kulima. Hii nchi imelisha majeshi ya watu wengine kwa nguvu. Leo mulimaji wa Kibombo ao wa Kasongo angeweza kulisha kambi ya Lwama kwa mapatano. Lakini mafunzo hayamuoni. Masharti ya zabuni yanadai karatasi nyingi za kampuni, deni linangoja miezi kulipwa, na mulimaji hana nguvu ya kungoja miezi. Kwa hiyo anauza kwa mufanyabiashara wa katikati kwa bei ya huruma. Kugawanya komande vipande vidogo ambavyo ushirika wa walimaji unaweza kubeba, na kulipa upesi pale mizani imesema ndiyo, hiyo nayo ni ufundi wa mununuzi. Inafundishika.

Kisha kuko neno "siri". Ni kweli, manunuzi ya ulinzi yana njia yao ya pekee, na kila nchi inafanya hivyo. Hakuna mutu mwenye akili atataka idadi ya risasi itangazwe kwenye redio. Lakini mununuzi mupya anapaswa kufundishwa mupaka wa siri. Maharagi hayana siri. Bei ya buti haina siri. Kama mafunzo hayachori ule mupaka, neno moja linafunika yote, na chini ya kitambaa kile hata chumvi inakuwa ya kijeshi.

Najua mutu atasema: "Wee agronome, wizi si ujinga. Bakubwa wanajua vizuri sana wanafanya nini." Anasema kweli, na majirani wetu ni mashahidi. Uganda iliagiza helikopta za vita Mi-24 kutoka Belarus. Mbili zilifika 1998, kumbe haziwezi kuruka. Ikaunda tume chini ya jaji Julia Sebutinde kuchunguza. Tanzania ilinunua rada ya BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28, na makelele ya bei yakaendelea miaka. Mu 2010 kampuni ile ikakubali kosa la vitabu vya hesabu mbele ya mahakama ya Uingereza, na paundi karibu milioni 30 zikarudia Watanzania; zilinunua vitabu na madawati ya shule. Mu nchi zote mbili hawakukosa watu wenye madiplome. Kwa hiyo semina peke yake haizuii mukono wa mukubwa.

Lakini angalieni ile ya helikopta. Kabla ya pesa kutoka, kunapaswa kuwa fundi mwenye kuangalia mashine na kusema "hapana", na hapana yake isimame. Njo hapo mafunzo yetu yanaanguka mara ya pili: wanafundisha mudogo, wanaacha mukubwa. Luteni anarudi na sertifika yake, anasimama mulangoni mwa depo, saki ni ya kilo 46, na mwenye mchele ni rafiki ya jenerali. Atafanya nini? Kama jenerali hakukaa mu darasa lile lile, akasikia kwa masikio yake kwamba mwenye kupokea ana haki ya kukataa, yule luteni tumemutuma vitani bila bunduki.

Jawabu lake haliko mbali, tuliisha kuliona kwa mishahara. Zamani pesa za basoda zilikuwa zinapitia mikononi mwa wakomanda, na majina ya hewa yalijaa mu liste. Misheni ya Ulaya ya EUSEC, iliyoanza 2005, ilisaidia kutenga njia ya amri na njia ya malipo, watu wakahesabiwa kwa alama za vidole, kisha mishahara ikaanza kupitia benki. Haikutibu kila kidonda. Lakini fikra yake ni nyepesi na ya nguvu: mwenye kuamuru asiwe mwenye kulipa. Tuihamishe mpaka depo: mwenye kuagiza asiwe mwenye kupokea, mwenye kupokea asiwe mwenye kulipa, na kipimo cha mizani kiandikwe mbele ya watu watatu. Somo hili ningeliweka asubuhi ya kwanza, mbele ya sheria yenyewe, kwa sababu likieleweka, sheria inapata pa kukaa.

Mutu aliyeandaa mafunzo akiniuliza, ningemuambia hivi. Asubuhi, mizani na kipima-maji cha nafaka viwe juu ya meza. Mchana, kila mumoja aandike sharti la mchele, la maharagi na la buti kwa mistari kumi, na mwenzake atafute tundu mu maandishi yake. Siku ya pili, kupiga hesabu ya njia: siku ngapi, pesa ngapi, akiba gani. Siku ya tatu, wakubwa na wadogo pamoja, mazoezi ya kukataa mali. Sheria na fomu zije siku ya ine na ya tano, wakati mutu anajua fomu ile inalinda nini. Mutihani usiwe wa karatasi: mupe depo yenye masaki 20, matatu mabaya, ayatafute. Na walimu wa sehemu ya kwanza wako hapa hapa, Chuo Kikuu cha Kindu kinafundisha agronomia. Sihitaji kuwaambia wasomaji wa ukurasa huu wangapi kati yetu wako na liseanse na hawana kazi.

Juu gani raia ahangaike na mambo haya? Kwa sababu hasara ya depo haibaki depo. Askari ambaye sahani yake haikujaa hatamufuata mfanyabiashara Kinshasa. Atatoka usiku, ataingia mu shamba lililo karibu, atangʼoa muhogo, ao atasimamisha kamba barabarani na kudai franga kwa mama anayepeleka mawese sokoni. Zile kilo 400 za maji, njo mama yule anazilipa.