Amri ya Mfalme na Haki ya Maiti: Neno juu ya Mchezo wa Antigone

Katika michezo ya huzuni ya Wayunani wa kale, ni michache itajwayo na walimu kama Antigone, uliotungwa na Sophocles wa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Nao hutajwa kwa sababu moja: husemwa ya kuwa waonyesha sheria ya Mungu ikishindana na amri ya serikali, na ya kuwa sheria ya Mungu ndiyo iliyo kuu. Neno hilo ni kweli, lakini ni fupi mno. Mwanafunzi akiishia hapo, aweza kudhani ya kuwa kila akataaye amri yuko upande wa Mungu, na kila atoaye amri ni adui yake. Sophocles hakuandika hivyo.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wameuana wakigombea ufalme wa Thebes. Creon, mjomba wao, atwaa utawala, naye aamuru Eteocles azikwe kwa heshima, lakini Polynices, kwa kuwa aliuletea mji jeshi la wageni, aachwe juu ya nchi, aliwe na ndege na mbwa. Atakayemzika atakufa. Antigone, dada yao, amnyunyizia maiti udongo. Ashikwa, naye hakani. Creon amfungia hai katika pango.

Kwanza yatupasa kumtendea Creon haki. Yeye si mwendawazimu. Ameupokea mji siku ile ile vita ilipokwisha, naye ajua ya kuwa mji usio na utii ni kama chombo kisicho na nahodha. Tena yeye naye humtaja Mungu wake: aapa kwa Zeus, na asema ya kuwa miungu haiwezi kumheshimu mtu aliyekuja kuchoma mahekalu yao. Basi vita haiko kati ya mcha Mungu na asiye na dini. Wote wawili walitaja jina la mbinguni. Hegel, mwanafalsafa wa Ujerumani, alifundisha ya kuwa pande zote mbili zina haki, na kosa la kila mmoja ni kuiona haki yake tu.

Lakini mchezo wenyewe haukubali mizani ya Hegel iliyo sawasawa hivi. Mwishoni Tiresias, mwaguzi kipofu, aja kumwambia Creon kosa lake, wala hamwambii ya kuwa mfalme hana haki ya kutoa amri. Amwambia ya kuwa amemzuia juu aliye wa chini, na kumshusha chini aliye hai. Maana yake, utawala una mpaka, na mpaka wake ni kaburi. Mfalme aweza kumtoza mtu kodi, kumhukumu, hata kumwua. Akiisha kufa, si mtu wake tena. Neno hili wazee wetu wa Bugufi wangalilifahamu bila kufasiriwa. Sheria ambayo Antigone aitaja ni sheria isiyoandikwa, na sisi twaijua sheria ya namna hiyo: jirani akifiwa, mtu huacha shamba lake akaenda kuchimba kaburi, wala hangoji kuagizwa na mkubwa wa serikali.

Ismene, dada yake Antigone, naye aijua sheria hiyo, lakini hutenda kama methali yetu isemavyo: mwenye nguvu mpishe. Tusimcheke. Wengi wetu ni Ismene.

Mfano wa mambo haya hauko Uyunani tu. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Jimbo lake lilifika hata mpakani petu, ng'ambo ya Kabanga. Yeye na maaskofu wenziwe walimwandikia Rais Idi Amin juu ya watu waliokuwa wakiuawa ovyo. Tarehe 16 Februari alikamatwa akauawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza ya kuwa ni ajali ya motokaa. Kaburi lilichimbwa Namirembe, karibu na kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini maiti haikutolewa. Ilipelekwa mbali kaskazini, kijijini kwake Mucwini, ikazikwa huko.

Hapo twaona ya kuwa Amin alifanya kosa la Creon, kwa njia nyingine. Creon aliitupa maiti ili watu waione. Amin aliificha ili wasiione, kwa kuwa ilikuwa na majeraha ya risasi. Wote wawili waliiogopa maiti. Hata hivyo Jumapili maelfu ya watu walikusanyika Namirembe, ingawa ibada ya kumkumbuka ilikuwa imekatazwa. Erica Sabiti, Askofu Mkuu aliyestaafu, alisimama penye kaburi tupu akawakumbusha maneno ya malaika kwa wanawake siku ya Ufufuo. Wengi wao hawakuwa jamaa wa Luwum wala wa kabila lake.

Neno hili la mwisho latuletea ila moja ya Antigone ambayo walimu wengi huiruka. Akienda kufa, Antigone asema ya kuwa asingalifanya hivi kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa maana mume mwingine hupatikana, na mtoto mwingine huzaliwa, bali wazazi wakiisha kufa hapatikani ndugu mwingine. Goethe aliyachukia maneno hayo, akatamani mtaalamu mmoja athibitishe ya kuwa si ya Sophocles. Mimi naona yafaa yabaki. Yaonyesha ya kuwa hata aliye upande wa haki aweza kuifanya sheria ya Mungu kuwa nyembamba kama ukoo wake.

Sisi tukaao karibu na mto Kagera tuna kipimo cha kulipima neno hilo. Mwaka 1994, wenye mamlaka katika Rwanda walipoamuru watu wauawe, mto ulichukua maiti, zikapita chini ya daraja la Rusumo hata Ziwa Victoria. Huko Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, zilitolewa majini zikazikwa, zaidi ya 10,000. Maiti hizo hazikujulikana majina yao, na waliozizika hawakuwa dada zao. Hapo sheria isiyoandikwa ilitendwa kwa upana kuliko Antigone alivyoisema.

Sharti kuangalia pia jinsi Creon alivyotubu. Wazee wa mji walimshauri amfungue msichana kwanza, kisha ajenge kaburi. Yeye aligeuza: alimzika Polynices kwanza, na alipofika pangoni Antigone alikuwa amekwisha kujinyonga. Haemon mwana wa Creon, aliyekuwa amchumbie, akajiua, na mama yake pia. Alijifunza kumheshimu maiti, akachelewa kumheshimu aliye hai.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu, wakiusoma mchezo huu darasani, wasiishie penye jibu la Antigone kwa mfalme, zuri kama lilivyo. Wasome na hotuba ya Creon juu ya mji, wasome maneno magumu juu ya mume na ndugu, wasome na safari ile ya mwisho ya kwenda pangoni. Kisha wawaulize wanafunzi maswali mawili: mpaka wa mtawala uko wapi, na aliyeuvuka amri alifanya hivyo kwa ajili ya nani? Antigone hakujificha, hakumdhuru mtu, wala hakutafuta faida. Hizo ni alama njema. Lakini swali la pili laulizwa hata kwake.