Kutoweka si Kuoksidishwa: Uhakiki wa Tafiti za Vichocheo vya Oksidi ya Seriamu kwa Kutazama Majitaka ya Rusizi

Makala haya yanahakiki namna tafiti za vichocheo vya metali vilivyowekwa juu ya oksidi ya seriamu zinavyopima mafanikio. Tunadai kwamba kipimo kinachotawala, yaani asilimia ya kichafuzi kinachotoweka ndani ya saa chache, hakitoshi kumwongoza anayepaswa kuamua kuhusu majitaka ya wilaya kama Rusizi, magharibi mwa Rwanda.

Misingi ya kikemia haina ubishi. Seriamu huhama kwa wepesi kati ya hali mbili za uoksidishaji, +3 na +4. Hivyo oksidi yake hutoa oksijeni na kuipokea tena bila umbo lake kuharibika. Kwa sifa hiyo imetumika kwa miongo mingi katika vifaa vya kusafisha moshi wa magari. Katika majitaka huwa tegemeo la chembe za rutheniamu, platinamu au shaba. Kazi za Imamura na wenzake nchini Japani katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba rutheniamu juu ya oksidi hii huvunja hata asidi asetiki, kiwanja sugu kinachosalia molekuli kubwa zinapokwisha kukatika. Huo ni mchango wa kudumu.

Udhaifu umo katika upimaji. Tafiti nyingi zilizofuata huyeyusha fenoli katika maji safi, huyapasha moto chini ya shinikizo, kisha huripoti kiasi kilichotoweka. Lakini kutoweka si kuoksidishwa. Imebainika kwamba kwenye oksidi mchanganyiko ya manganizi na seriamu, sehemu ya kaboni ya fenoli haigeuki kuwa dioksidi ya kaboni, bali hujikusanya juu ya kichocheo na kukipunguzia nguvu. Maji huonekana yamesafika ilhali uchafu umehama tu. Shaba nayo huyeyuka katika maji moto yenye asidi. Kichocheo kilicholetwa kuondoa sumu huweza kuongeza nyingine.

Rusizi inaonyesha uzito wa kasoro hizo. Majitaka ya vituo vya kuoshea kahawa hutoka kwa msimu, yakiwa na asidi, sukari, pektini na vipande vya maganda. Si fenoli katika maji safi. Uoksidishaji wa aina hii kwa kawaida hufanyika kati ya nyuzi 125 na 320 za Selsiasi, na hujitosheleza kwa joto pale tu mzigo wa uchafu unapokuwa mkubwa. Mtambo wa gharama kama huo haufai kukaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka, wakati sukari na pektini huliwa na bakteria kwa gharama ndogo. Kwa kahawa, basi, matibabu ya kibiolojia yatangulie. Nafasi ya kichocheo ni kwa vitu vinavyowashinda bakteria, kama mabaki ya dawa kutoka hospitalini, na hasa kikitumiwa pamoja na ozoni katika joto la kawaida.

Wapo watakaosema kwamba seriamu ipo jirani, katika madini ya Gakara nchini Burundi. Ni kweli; lakini mawe si kichocheo. Utenganishaji wake nao huzalisha majitaka yenye asidi, na kinachopandisha bei ni rutheniamu, si seriamu.

Suala hili haliishii wilayani. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, hupita mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisha mpakani mwa Kongo na Burundi, na kuingia Ziwa Tanganyika. Metali inayoyeyuka juu hunywewa chini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba washauri wa sera, wakiwemo wa Mamlaka ya Bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi (ABAKIR), wasipokee pendekezo lolote la kichocheo bila takwimu nne: kaboni iliyogeuka kuwa dioksidi ya kaboni, kaboni iliyobaki juu ya kichocheo, metali iliyoyeyuka majini, na saa ambazo kichocheo kimefanya kazi katika majitaka halisi ya mahali husika. Utafiti usioweza kuzitoa bado ni wa maabara, na uheshimiwe kama wa maabara.