Unga Mweupe Usio na Jina

Msimu wa kahawa unapoanza Muyinga, nchini Burundi, wakulima hufikisha matunda mekundu kwenye kituo cha kuoshea, na kabla ya jambo lolote matunda hayo hutiwa majini. Yaliyokomaa huzama. Mapooza na yaliyotobolewa na wadudu huelea, yakaenguliwa. Hakuna aliyeyapasua ili atazame ndani. Maji yametosha kutoa ushahidi. Mtu akiniambia kemia ni elimu ya mbali, humrudisha kwenye birika hilo.

Maana kazi ya maabara ni hiyo hiyo. Mwanafunzi hukabidhiwa kichupa chenye unga mweupe usio na jina. Macho hayamfai: yurea ni nyeupe, asidi ya sinamiki ni nyeupe, kafeini nayo ni nyeupe. Kuonja ni mwiko. Itambidi ausafishe kwanza, ndipo auhoji. Atauyeyusha katika kiyeyushi cha moto, kwa kiasi kidogo kinachotosha, auchuje ungali moto, kisha auache upoe wenyewe. Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii. Fuwele inayojijenga polepole hukaribisha molekuli za aina yake tu, na uchafu hubaki ndani ya kiyeyushi. Mwenye pupa, akiitumbukiza chupa kwenye barafu, huvuna fuwele nyingi kwa mara moja, lakini zimefumbata takataka.

Mwanafunzi atajuaje kwamba unga umetakata? Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha utafiti wake wa mafuta ya wanyama mwaka 1823, alishika njia ambayo bado haijapitwa: safisha, pima joto la kuyeyukia, safisha tena, mpaka namba iache kupanda.

Hata namba iliyotulia yaweza kupotosha. Yurea huyeyuka kwenye nyuzi 133 hivi za Selsiasi. Asidi ya sinamiki vilevile. Basi unga wako ni upi? Chukua yurea unayoijua, isage pamoja nao, utie mchanganyiko katika kibomba chembamba cha kioo na kuupasha moto taratibu. Ikiwa ni kitu kimoja, utayeyuka pale pale. Ikiwa ni viwili, utaanza kulowa mapema, nyuzi nyingi chini ya 133. Kinu kidogo, kibomba na kipimajoto: kwa vifaa hivyo vitatu swali limejibiwa, na sijaona hoja iliyo safi kuliko hiyo.

Kahawa yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1819 mshairi Goethe alimpa kijana Friedlieb Ferdinand Runge buni za kahawa azichunguze, naye akapata humo kafeini. Kahawa ya arabika, ndiyo wanayolima Muyinga, huwa nayo zaidi kidogo ya asilimia moja. Ikitakaswa hutoka kama sindano nyeupe laini, zinazoyeyuka karibu na nyuzi 236.

Namba hiyo ya kuyeyuka haibadiliki kwa maana yoyote, uipime Muyinga au Dar es Salaam. Kuchemka ni habari nyingine. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95, ndiyo maana maharage hukawia jikoni. Ethanoli, ambayo kitabu kinasema huchemka kwenye nyuzi 78, huko huchemka karibu na 74. Mwanafunzi aliyekeneka kimiminika chake kwa uangalifu wote, akaisoma namba sawasawa, anaweza kukipa jina lisilo lake kwa sababu tu kitabu kiliandikiwa watu wa pwani. Huyo hakukosea kupima.

Kwa hiyo, wewe unayefundisha Gitega au Muyinga, tafadhali: kila kiwango cha kuchemka kinapoandikwa daftarini, mwambie mwanafunzi aandike kando yake shinikizo la hewa la siku hiyo.