Kusafisha au Kurejesha? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi za Kiswahili za kompyuta zimezidi kuzoeleka. Zile za juu juu, kama faili na hariri, hazitusumbui. Zenye utata ni zile za ndani, katika kiini cha mfumo endeshi. Hapa tunahakiki moja: "kusafisha kumbukumbu" mchakato unapokwisha.

Hoja yetu ni kwamba istilahi hii inapotosha. Katika Linux, mchakato unapokwisha, kiini hufunga mafaili yake na kurejesha kwenye akiba kurasa zake, yaani vipande vya kumbukumbu ulivyokuwa ukitumia. Kwa kawaida hakifuti papo hapo yaliyoandikwa humo. Ukurasa hujazwa sufuri kabla ya kukabidhiwa mchakato mwingine. Mwanafunzi anayeambiwa "imesafishwa" ataamini kuwa nywila yake imetoweka, kumbe huenda bado imo.

Kwa wanafunzi wa Kampala, mfano wa karibu ni muzigo, chumba kimoja cha kupanga kama vile vya Namuwongo, kando ya reli. Mpangaji akihama, humrudishia mwenye nyumba ufunguo; kufagia ni kazi nyingine, ya kumwandalia mpangaji mpya. Tena wakiwa wawili chumbani, mmoja akiondoka chumba hakirudi mpaka wa mwisho atoke. Ndivyo zilivyo kurasa zinazotumiwa kwa ushirika. Kwa hiyo neno linalofaa ni "kurejesha".

Aidha, mchakato uliokwisha, lakini mzazi wake hajapokea taarifa ya mwisho wake, wataalamu huuita zombi. Mfasiri anaweza kushawishika kuuita "msukule". Tunapinga. Msukule, katika imani za watu, hutumikishwa. Mchakato huu haufanyi kazi yoyote. Kumbukumbu yake imekwisha kurejeshwa, na kilichobaki ni nambari yake na taarifa hiyo daftarini. "Mfu" linatosha. "Yatima", kwa upande mwingine, ni tafsiri nzuri: mzazi akitangulia, mtoto kwa kawaida hukabidhiwa mchakato wa kwanza, naye huwa na mlezi.

Tunawasihi walimu wenzetu: kabla ya kulitafsiri neno, tuulize kitu chenyewe hufanya nini. Istilahi mbovu humfundisha mwanafunzi kosa hata kabla mwalimu hajaanza kueleza.