Omba karatasi, usiombe maelezo

Barua nyingi za kuuliza habari za fedha zinazopelekwa kwenye ofisi za kaunti na halmashauri hufa kwa sababu moja: aliyeandika ameomba aelezwe. "Naomba kufahamishwa jinsi fedha za ukarabati wa zahanati yetu zilivyotumika." Ni swali la haki na limeulizwa kwa heshima. Lakini lisome kwa jicho la ofisa anayelipokea. Atajibu kwamba fedha zilitumika kwa mujibu wa bajeti iliyoidhinishwa, kazi ilikamilika, na wananchi wanaendelea kuhudumiwa. Hajasema uongo, nawe huna pa kumshika.

Sheria za haki ya kupata habari hazina nguvu kubwa juu ya maelezo ya ofisa. Nguvu yake iko juu ya kilichomo kabatini mwake. Anayejua kutaja kilichomo kabatini hupata kitu. Asiyejua huambulia barua yenye lugha nzuri. Mbinu hii haikubuniwa na mawakili. Ilianza na vibarua wa mabwawa na barabara huko Rajasthan, India, kabla nchi yao haijawa na sheria yoyote ya namna hiyo, na baadaye ikafika Mombasa ikiletwa na walioianzisha wenyewe.

Tarehe 1 Mei 1990, wakulima na vibarua wa eneo la Bhim waliunda chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, kwa kifupi MKSS. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Aruna Roy, aliyeacha utumishi wa juu serikalini mwaka 1975, pamoja na Nikhil Dey na Shankar Singh. Ugomvi wao wa kwanza haukuhusu uwazi hata kidogo, ulihusu ujira. Serikali iliendesha kazi za umma nyakati za ukame, na vibarua walikuwa wakilipwa chini ya kima cha chini kilichowekwa na sheria. Walipolalamika waliambiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Wakaomba kuziona kumbukumbu hizo. Wakajibiwa kwamba ni siri ya serikali.

Kumbukumbu waliyoitaka hasa ni daftari la vibarua, lile ambalo kwetu mafundi huliita masta roli: jina la mtu, siku alizofanya kazi, ujira wake, na saini au alama ya dole gumba. Chagua karatasi yoyote ya serikali, sijui kama kuna nyingine yenye faida zaidi kwa raia. Taarifa ya mwaka ingesema tu kwamba bwawa limechimbwa kwa rupia kadhaa na limekamilika. Jumla haina shahidi. Mstari mmoja wa masta roli una shahidi wake pale pale kijijini, aliye hai, au aliyefariki na kila mtu anajua alizikwa msimu gani.

Tarehe 2 Desemba 1994, huko Kotkirana, MKSS walifanya mkutano wao wa kwanza wa kusikiliza hesabu hadharani. Kilichofanyika katika mikutano ile ni rahisi kukieleza: walisimama na karatasi na kuzisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya watu waliotajwa ndani yake. Wakajitokeza watu walioandikwa kuwa wamelipwa kwa kazi ambazo hawakuwahi kuzigusa. Yakatajwa majina ya marehemu na ya watu waliokwisha hama. Vikaonekana vifaa vilivyolipiwa na havikufika, na majengo yaliyokamilika kwenye karatasi tu. Hapakuhitajika mkaguzi wa kutoka mji mkuu. Wanakijiji wengi hawakujua kusoma, lakini waliijua hesabu ile kuliko aliyeiandika.

Kuna kipande cha historia hii ambacho watu hukipita haraka, nami nadhani ndicho chenye ufundi mkubwa kuliko vyote. Aprili 1995, waziri kiongozi wa Rajasthan aliahidi bungeni kwamba wananchi wataruhusiwa kupata hati za mabaraza ya vijiji. Mwaka ukapita bila amri ya utekelezaji. Tarehe 6 Aprili 1996 MKSS wakaanza mgomo wa kuketi mjini Beawar, uliodumu siku 40. Serikali ikasogea kidogo: ikatoa amri kwamba mwananchi anaweza kuzikagua hati ofisini na kunakili kwa mkono, ila asipewe fotokopi. Mtu mwingine angeshukuru na kurudi nyumbani. Wao walikataa.

Walikuwa na sababu nzito. Ulichonakili kwa mkono ni neno lako dhidi ya neno la ofisa. Ukikisoma hadharani, atasema umekosea tarakimu, au hayo hayamo kwenye daftari lake. Nakala iliyothibitishwa ina mwandiko wake, saini yake na mhuri wa ofisi yake. Akiikana, anajikana mwenyewe. Tena nakala inaweza kutoka ofisini ikaenda kwa aliyetajwa, na mwenye kibanda cha saruji akaulizwa kama risiti ile ni yake. Kuangalia tu kunamfunga raia mezani kwa ofisa. Haki ya fotokopi za hati za mabaraza ya vijiji ilitambuliwa hadharani mwaka 1997, baada ya watu kuketi tena, safari hii Jaipur. Rajasthan ikapata sheria yake mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005.

Mombasa iliingia kwenye simulizi hii mwaka 2007. Shirika la MUHURI, kwa ushirikiano na International Budget Partnership na wanaharakati wa MKSS wenyewe, lilifanya ukaguzi wa kijamii wa miradi ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, katika eneo bunge la Changamwe. CDF ilianzishwa kwa sheria ya 2003 iliyotenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa miradi ya maeneo bunge, na kila mtaa ulikuwa na kibao cha mradi kilichopakwa rangi vizuri. Hatua zilikuwa zile zile za Rajasthan: kupata majalada, kuwafundisha wakazi kuyasoma, kwenda kwenye mradi na futi mkononi, kuwaita watu mitaani kwa ngoma, kisha mkutano wa hadhara ambapo wajumbe wa kamati ya CDF wanaulizwa mbele ya majirani zao. Udhaifu ulikuwa kwenye hatua ya kwanza. Kenya haikuwa na sheria ya kupata habari. Huko Changamwe kamati ilikubali kutoa majalada; ingekataa, pasingekuwa na kifungu cha kuisomea.

Sasa vifungu vipo. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia. Wanaoitumia kwa mambo ya kaunti wanapaswa kuijua kama fundi anavyoijua misumari yake, maana kila kifungu kina kazi yake. Kifungu cha 8 kinasema maombi yaandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na ni wajibu wa ofisa kuyaandika. Kifungu cha 4 kinasema haki yako haiathiriwi na sababu zako, kwa hiyo ofisa akikuuliza unazitakia nini, usijieleze hata kidogo. Kifungu cha 7 kinamfanya mkuu wa taasisi kuwa ndiye ofisa wa habari, kwa hiyo barua iende kwake na si kwa msimamizi wa wadi, ambaye atakuambia anasubiri maelekezo. Kuomba hakulipiwi, unacholipia ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Na barua yenyewe? Ningeiandika hivi:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo zinazohusu ujenzi wa vyoo vya soko, kati ya Julai 2023 na Juni 2024: mkataba pamoja na makadirio ya vifaa na gharama, vyeti vya malipo vilivyotiwa saini na mhandisi, vocha za malipo na risiti zilizoambatanishwa, hati za kupokelea vifaa, masta roli, na muhtasari wa kikao kilichoikubali kazi."

Hakuna "kwa nini" ndani yake, wala "je, ni kweli kwamba". Kila kitu kilichotajwa ni karatasi ambayo ofisi iliyolipa fedha lazima iwe nayo, na kipindi kimefungwa ili asije akasema ombi ni kubwa mno. Tuseme sasa karatasi zimekuja. Makadirio yanasema mifuko 320 ya saruji, vocha imelipa mifuko 320, lakini hati za kupokelea vifaa zikijumlishwa zinatoa 190. Bado hujamshutumu mtu wala hujamwuliza lolote. Ofisi imejiuliza yenyewe.

Ndiyo maana napendelea karatasi za chini kuliko za juu. Bajeti ya kaunti imo mtandaoni na ni halali kuisoma, lakini wizi wa wadi hauonekani humo. Mkataba peke yake pia hautoshi, ingawa kifungu cha 5 kinaitaka taasisi itangaze yenyewe, bila kuombwa, kiasi cha mkataba, jina la mkandarasi na muda wa kazi. Wizi hukaa kati ya kilicholipwa na kilichofika, na ushahidi wa mahali hapo ni vikaratasi ambavyo hakuna anayejisumbua kuvipamba.

Upande wa Tanzania, mambo yana sura yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya 2016, inampa ofisa siku 30. Lakini miradi mingi ya madarasa na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri ikisimamia kazi yenyewe badala ya kumpa mkandarasi, na utaratibu huo una hazina ambayo sheria yenyewe haina: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, zenye wajumbe kutoka kwa wanajamii. Anayetia saini kwamba nondo zimefika ni jirani yako. Kabla ya kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri, inafaa kujua nani yumo katika kamati ya mapokezi na leja ya stoo inatunzwa wapi. Ukizitaja kwa jina kwenye barua, ofisa anaelewa kwamba anazungumza na mtu anayejua nyumba.

Kikwazo kipya, nacho ni kikubwa kuliko siri ya zamani, ni data binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sheria ya habari yenyewe inazuia kuingilia faragha ya mtu isivyostahili. India ilikwenda mbali zaidi: sheria yao ya data ya 2023 ilikibadilisha kifungu cha 8(1)(j) cha sheria ya habari, kile kinachogusa taarifa binafsi, na MKSS wamelipinga badiliko hilo waziwazi. Ona linalolengwa. Masta roli bila majina ni jumla tena. Jina ndilo lililomwinua mtu wa Kotkirana kusema hakuwepo. Kwa maoni yangu ni vema raia akajihami mapema kwa kuandika kwamba namba za vitambulisho, simu na akaunti za benki zifutwe, ila majina na siku za kazi zibaki. Ofisa atakayekataa hata hapo, faragha anayoilinda si ya kibarua.

Kuhusu muda, Kenya ni siku 21, na taasisi inaweza kuongeza 14 mara moja tu. Ikiwa hati ziko kwenye taasisi nyingine, ombi lihamishwe ndani ya siku 5. Kimya kinahesabiwa kuwa ni kukataliwa, jambo zuri kwako, kwa sababu tangu hapo una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki katika Utawala, ile inayojulikana kwa jina la Ombudsman. Yote haya yanategemea mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako ya barua. Usiondoke masjala bila mhuri huo, hata ukiambiwa mwenye mhuri ametoka kidogo. Khelef Khalifa wa MUHURI na mwanaharakati mwenzake Wanjiru Gikonyo walipotaka mikataba ya reli ya SGR walianza kwa barua kama hizi, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Ile ilikuwa reli ya mabilioni. Njia ya vyoo vya soko ni hiyo hiyo.

Linabaki jibu ambalo kila aliyejaribu amelisikia: jalada halionekani. Ofisini husemwa kwa mdomo, kwa masikitiko. Liombe kwa maandishi. Kifungu cha 17 kinailazimisha taasisi kutunza kumbukumbu zake vizuri, na kiliipa miaka mitatu kuziingiza kwenye kompyuta, kwa hiyo anayeandika kwamba vocha imepotea anakiri kwa saini yake kuvunja wajibu huo. Barua hiyo iambatanishe kwenye malalamiko yako kwa Tume, na nakala moja ipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Huko, malipo yasiyo na viambatisho ni hoja ya ukaguzi hata kabla ya kujulikana yalikuwa ya nini.