Kadosa na Zimwi la Ukambani

David Maillu, mzaliwa wa Makueni, aliasisi Comb Books mapema katika miaka ya 1970 ili asingoje hisani ya wachapishaji wakubwa. Ujasiri huo twausifu. Walakini Kadosa, riwaya yake ya mwanamke wa ajabu, yaonyesha gharama yake. Katika hadithi za Kikamba alizozikusanya John Mbiti wa Kitui (Akamba Stories, 1966), zimwi lina kanuni zake. Mtoto asikilizaye hujua liwezalo na lisiloliweza, ndipo aogopapo. Kwa maoni yetu, uwezo wa Kadosa hauna mpaka, na hofu yayeyuka. Mhariri mkali angaliliuliza hilo. Kijana ajichapishaye leo na aulinde uhuru wake, lakini kwanza amtafute msomaji asiyemwonea haya.