John Fiedler na Lindner Wake

John Fiedler aliigiza kwa koo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, karibu ya mtoto, na kuanzia 1968 hadi alipofariki 2005 ndiyo iliyokuwa ya Piglet, yule kinguruwe mwoga wa katuni za Winnie the Pooh. Wapo waigizaji wasaidizi wanaosifiwa kwa kujigeuza kila filamu. Yeye hakujigeuza. Koo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni maneno aliyopewa kuyabeba.

Katika 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957), watu 12 wamefungiwa chumbani waamue kama kijana alimuua baba yake. Fiedler ni karani wa benki. Akiulizwa kwa nini anamwona kijana ana hatia, anababaika, huku akina Lee J. Cobb na Ed Begley wakiunguruma. Lakini baadaye swali la jeraha linatoka kwake: iweje kijana mfupi amchome mtu mrefu kuliko yeye kwa kisu kinachoelekea chini? Anauliza taratibu, na ni wale wenye makelele wanaolazimika kunyamaza ili wamsikie.

Star Trek ilimtumia vibaya zaidi. Katika kipindi kimoja cha 1967 yeye ni ofisa mpole anayekaliwa na roho ya muuaji. Mambo yanakwenda vizuri hadi siri inapofichuka, anapotakiwa kupiga makelele na kucheka. Hapo upole unageuka kuwa kinyago cha kuvuliwa, na hofu yote inakwisha.

Kazi yake kubwa ni Karl Lindner wa A Raisin in the Sun. Aliicheza nafasi hiyo Broadway mwaka 1959, tamthilia ya Lorraine Hansberry ilipofunguliwa, kisha kwenye filamu ya 1961, na tena kwenye televisheni mwaka 1989. Familia ya Younger, Weusi waliobanana katika nyumba ya kupanga huko Chicago, imeshatoa arubuni ya nyumba katika mtaa wa Wazungu. Lindner ametumwa na wakazi wa mtaa huo awalipe wasihamie.

Anaanza kwa kuzunguka: watu wakae, wazungumze, wasikilizane. Walter Younger na mkewe Ruth wanamkirimu na kuitikia, maana hadi hapo hajasema baya. Beneatha, dada yake Walter, ndiye anayeshtuka kwanza. Kupishana huko ndiko kunakouma, na Fiedler anakutengeneza kwa kusitasita kwake: kila anapokawia kutaja jambo lililomleta, ukarimu wa wenyeji unaendelea kutolewa bure mbele ya macho yetu. Angeingia akifoka, angefukuzwa papo hapo na ubaguzi wake ungebaki jambo la watu wakorofi tu. Lindner huyu anaamini kwa dhati kwamba ameleta jambo la busara. Anafukuzwa akiwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Mwishoni anarudi, na Walter, ambaye ni Sidney Poitier, anamkatalia fedha zake. Lindner anamgeukia mama mtu, akidhani mkubwa atamwelewa. Naye anasimama na mwanawe. Basi anaondoka akisema anatumaini wanajua wanakokwenda. Mwigizaji mwingine angelifanya hilo kuwa tishio. Fiedler analisema kama mtu anayewahurumia, na tishio linabaki humohumo ndani ya huruma.